Sauti ya Mwalimu Asiyekuwepo: Historia Fupi ya Somo Lililorekodiwa, kutoka Vugiri hadi Skrini ya Kompyuta

1. Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni somo lililorekodiwa kutoka katika skrini ya kompyuta, yaani video fupi ambamo mwanafunzi huona yanayotendeka katika skrini ya mwalimu huku akisikia sauti ya mwalimu ikieleza. Somo la aina hii lilienea sana kuanzia Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na walimu wengi wakalazimika kurekodi bila maandalizi. Tangu wakati huo, mara nyingi limezungumziwa kama suala la vifaa: kipaza sauti kipi kinunuliwe, programu ipi itumike.

Maoni yangu ni tofauti. Nitajaribu kuonyesha kwamba suala la msingi ni la kale kuliko kompyuta, nalo ni hili: mwalimu anapokuwa hayupo, ni nani anayeshika mwendo wa somo? Afrika Mashariki ililijibu swali hilo mara mbili kabla ya kompyuta kuingia madarasani. Majibu hayo mawili yanatusaidia kuelewa jinsi somo la skrini linavyopaswa kupangwa na kurekodiwa leo.

2. Santuri za Vugiri, 1935–1937

Mwaka 1935, katika kijiji cha Vugiri kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulianzishwa mradi wa majaribio ya filamu za elimu uliojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment. Mradi huo ulipata fedha kutoka Carnegie Corporation ya New York, na watendaji wake wakuu walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ulipokoma mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35, nyingi zikihusu kilimo, afya, kodi na uwekaji wa akiba. Mojawapo ilihusu minyoo ya safura.

Kwa mada yetu, jambo la kuzingatia ni namna sauti ilivyounganishwa na picha. Sauti haikuwamo ndani ya utepe wa filamu. Maelezo yalirekodiwa peke yake katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hili, kisha santuri ikachezwa sambamba na filamu. Faida yake ilikuwa dhahiri, kwani picha moja iliweza kupewa maelezo ya lugha kadhaa. Hasara yake ilikuwa dhahiri vilevile. Santuri ikitangulia au ikichelewa, maneno yaliachana na picha. Isitoshe, mtazamaji aliyekaa mbele ya kitambaa cheupe hakuwa na namna ya kuiambia santuri irudie. Mwendo wote wa somo ulikuwa mikononi mwa mtengenezaji.

Watengenezaji wa filamu za kikoloni walijua kwamba kulikuwa na tatizo la ufahamu, lakini walilitafutia chanzo mahali pasipo pake. William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya ya jamii nchini Nigeria na baadaye akaongoza utengenezaji wa filamu katika Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma anahitaji filamu za namna yake: mwendo wa polepole, picha za kukaa muda mrefu, na kamera isiyo na hila zozote. Ugumu wa kufuata somo lililorekodiwa ulihesabiwa kuwa upungufu wa mtazamaji, tena mtazamaji wa rangi fulani. Tutarejea kwenye dai hili, kwa sababu utafiti wa karne hii umelipa jibu.

3. Redio na kikundi, 1973

Jibu la pili lilitoka Tanzania huru. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa kampeni kadhaa za redio, zikiwemo Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971. Iliyofuata, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ndiyo iliyovuma zaidi. Ilidumu majuma 12, ikawafikia watu wazima wapatao milioni 2, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla haijaanza. Masomo yake yalihusu malaria, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu na, kwa mara nyingine, safura.

Redio nayo hairudi nyuma. Kwa kigezo hicho kilikuwa chombo dhaifu kuliko hata filamu, kwa sababu hakikuwa na picha. Nguvu ya Mtu ni Afya ilitokana na mpango uliokizunguka chombo hicho. Wanakikundi walikutana kwa saa iliyopangwa, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wao akasoma kwa sauti sura ya kitabu kilichoandaliwa kwa ajili ya somo hilo. Baada ya hapo walijadili na kuamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani au kufukia madimbwi. Kiongozi wa kikundi ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulisimamisha somo. Aliweza kurudia aya, kuuliza swali, au kulifafanua neno kwa lahaja na lugha ya watu wake. Kwa hiyo watayarishaji hawakuhitaji kudhani kwamba msikilizaji ana akili ya pekee. Walihitaji kuligawa somo katika vipande vinavyotosha mkutano mmoja, na kila kipande wakakipa tendo lake la kufanywa.

4. Kitufe cha kusimamisha

Programu za kurekodi skrini zilikuwepo tangu miaka ya 1990, lakini aina hii ya video ilipata jina lake mwaka 2004, pale mwandishi Mmarekani Jon Udell alipowaomba wasomaji wake wapendekeze neno la kuiita. Mwaka huohuo Salman Khan, akiwa Boston, alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyekuwa New Orleans, na mwaka 2006 akaanza kuweka masomo yake katika YouTube. Masomo hayo hayakuonyesha uso wa mwalimu. Mwanafunzi aliona ubao mweusi na mwandiko unaokua taratibu, akasikia sauti inayozungumza naye kana kwamba wameketi pamoja.

Kilichobadilika hapa ni umiliki wa mwendo. Kwa kitufe kimoja mwanafunzi husimamisha, hurudisha nyuma na huendelea. Madaraka yaliyokuwa ya mtengenezaji kule Vugiri, na ya kiongozi wa kikundi mwaka 1973, sasa yamo katika kidole cha mwanafunzi.

Utafiti umethibitisha uzito wa mabadiliko hayo. Mwaka 2001 Richard Mayer na Paul Chandler walitumia picha-mwendo yenye maelezo kuhusu jinsi radi inavyotokea. Wanafunzi walioigawa kwa kubonyeza kitufe baada ya kila kipande kifupi waliweza kuyatumia maarifa yale vizuri kuliko walioitazama mfululizo. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichunguza vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi nne za edX. Waliona kwamba watazamaji kwa kawaida hawakudumu zaidi ya dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Vilevile waliona kwamba walimu waliozungumza kwa kasi na kwa shauku waliwavutia watazamaji zaidi. Pendekezo lao la kwanza lilihusu upangaji: somo ligawanywe katika vipande vifupi kabla ya kurekodiwa, kwa sababu hotuba ndefu ikikatwakatwa baadaye haitoi matokeo yaleyale.

Hapo ndipo dai la Sellers linapoanguka. Wanafunzi wa Mayer hawakuwa wanakijiji wasiosoma; walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko California. Uwezo mdogo wa kushika mambo mengi kwa pamoja ni hali ya akili ya kila binadamu. Tiba yake ni vipande vifupi na ruhusa ya kusimamisha. Kumsemesha mtu polepole kana kwamba haelewi hakumsaidii.

5. Lugha ya kurekodia

Limebaki jambo moja ambalo utafiti huo, uliofanywa kwa Kiingereza, haukuligusa, nalo linatuhusu sisi wa taaluma za Kiswahili.

Neno linalosikika mara nyingi katika masomo ya skrini ni "hapa": bofya hapa, njoo hapa, andika hapa. Kisarufi, "hapa" ni kionyeshi cha mahali palipo karibu na msemaji. Lakini mwalimu wa skrini na mwanafunzi wake hawako mahali pamoja. "Hapa" ya mwalimu ni mshale wa kipanya chake, ambao kwa mwanafunzi anayetazama katika simu ya mkononi ni kidoa kisichoonekana. Dawa yake ni kukitaja kitu kwa jina na mahali kilipo: "kitufe cha Hifadhi, juu, upande wa kushoto".

Ili kitu kitajwe, sharti kiwe na jina. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na maneno kama faili na hifadhi yakapata nafasi katika skrini yenyewe. Hata hivyo skrini nyingi madarasani zimebaki za Kiingereza, na hata chombo chenyewe kimeitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mwalimu anayerekodi achague istilahi zake kabla ya kuanza, asome mara moja maandishi yaliyo katika kitufe, atoe neno la Kiswahili, na asilibadilishe hadi mwisho. Darasani mwanafunzi angeuliza kama ngamizi na kompyuta ni kitu kimoja. Rekodi haiulizwi.

Njeo na hali za vitenzi nazo zina kazi. "Nabofya, nashuka, nachagua" ni maelezo ya mkono wa mwalimu. "Fungua faili, uchague jedwali, ulihifadhi" ni maagizo kwa mwanafunzi. "Ukibofya Hifadhi, dirisha hujifunga" ni kanuni. Mwalimu asiyeandika maneno yake mapema huyachanganya yote matatu, na mwanafunzi hajui kama atazame, atende au akumbuke. Mwenye mswada mkononi huonyesha kwanza, huagiza baadaye, kisha hunyamaza kidogo ili kidole cha mwanafunzi kipate nafasi ya kusimamisha.

6. Hitimisho

Historia hii inatuonya tusiamini kwamba kitufe kimemaliza kazi. Kikundi cha mwaka 1973 kilimpa msikilizaji mtu wa kumuuliza na tendo la kufanya. Video ya skrini humwachia mwanafunzi upweke. Kwa hiyo kila rekodi iwe na lengo moja, iishe kwa zoezi moja, na inapowezekana itazamwe na wanafunzi kadhaa pamoja, mmoja wao akiwa na dhamana ya kuisimamisha. Vyuo vyetu vinavyotenga fedha za kununua kamera vitenge pia saa za mwalimu za kuandika mswada, na viwaite wanaisimu wa Kiswahili washiriki katika kazi ya istilahi tangu mwanzo.