Majina Yaliyobaki Likasi

Mwezi ujao tunaondoka Likasi kwenda Ubelgiji kwa mwaka mmoja. Kabla ya kufunga mlango wa chumba cha madaftari ya zamani, imetupasa tuwaelezeni kazi tuliyoifanya humo, na pia pale tulipokosea.

Mji wetu ni mtoto wa shaba. Kompani ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli ikafika Kambove mwaka 1913. Tangu 1931 hata 1966 mji uliitwa Jadotville, kwa jina la injinia Mbelgiji, Jean Jadot. Hapo kwanza wafanyakazi walikuja kwa muda mfupi, kisha wakarudi makwao. Mnamo mwaka 1928 kompani ilikuwa imeanza kuwaandika kwa miaka mitatu, ikawaruhusu waje na wake zao. Walitoka Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Katika karatasi za kompani kila mtu alikuwa na namba yake. Katika daftari la ubatizo mtoto wake aliandikwa kwa jina, na jina la baba, la mama na la msimamizi.

Miaka ya kwanza tulinakili majina na tarehe tu. Maandishi madogo ya pembeni tuliyaruka, tukidhani hayana maana. Kumbe sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko aandike katika daftari hilo kipaimara na ndoa ya mbatizwa, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Safari zote za watu wetu zimo pale pembeni: huyu aliolewa Kipushi, yule alioa Kolwezi. Ilitubidi kuanza upya madaftari tisa, na macho yetu yanakumbuka.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Askari wakapiga risasi, watu wakafa. Tarehe 9 ya mwezi uleule damu nyingi zaidi ikamwagika Elisabethville. Tulitafuta majina ya wafu wa hapa kwetu. Mzee mmoja, aliyekuwa mtoto kambini Panda siku zile, alituambia anawakumbuka wawili. Tukamjibu: “Baba, utuvumilie kidogo, tumalize madaftari kwanza.” Tulipomaliza, alikuwa amekwisha zikwa.

Ndiyo sababu tunakwenda. Karatasi za makao makuu ya Union Minière zimetunzwa Brussels, katika nyumba ya kumbukumbu za Serikali ya Ubelgiji. Zilifuata njia ya mawe ya Shinkolobwe, yaliyopelekwa Oolen tangu mwaka 1922 ili yatolewe radiamu. Hatuwalaumu waliozitunza, kwani hapa pengine mchwa wangezila. Lakini mtoto wa Panda atakaye kujua babu yake alikufaje, sharti kwanza aombe visa! Huenda huko tutakuta namba tu. Tunachukua nakala ya majina yetu, tulinganishe.

Ninyi mnaobaki, msitungoje. Nendeni kwa wazee wenu jioni, mwaandike wanayosema, hata kama ni jina moja. Ufunguo yupo nao katekista. Masanduku yamewekwa juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta. Mvua za Novemba zikianza, tazameni kona ya kushoto: bati la pale linavuja.