Tathmini ya Wachezaji wa Vyuo kwa Ajili ya Drafti

Tathmini ya wachezaji wa vyuo ni kazi ya kukadiria, kabla ya siku ya drafti, nani kati ya vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani vyuoni ataweza kuhimili ligi ya kulipwa ya NFL, na achukuliwe akiwa wa ngapi. Drafti yenyewe ni zoezi la timu 32 kupokezana zamu za kuchagua kwa raundi saba, zilizofanya vibaya msimu uliopita zikitangulia. Wazo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, na drafti ya kwanza ilifanyika Februari 1936 katika hoteli moja mjini Philadelphia, majina 90 yakiwa ubaoni. Wa kwanza kuitwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Ukipenda, sema kazi hii ilianza kukosea siku ileile ilipozaliwa.

Kwa mtu aliyeko kwenye kilima cha Mulago, Kampala, haya ni mambo ya ng'ambo. Hata hivyo historia yake inapita karibu kuliko inavyodhaniwa: mara moja katika ukoo wa Kiwanuka, mara nyingine katika wodi za hospitali ya Mulago yenyewe.

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake wakiwa wameihama Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha DP, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi na baadaye Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata mahakamani na kumuua. Mjukuu alikua mrefu, mita 1.96, akacheza Boston College katika nafasi ya mlinzi wa pembeni wa mstari wa mbele. Kazi ya mchezaji huyo ni kumzunguka au kumpenya mzuiaji wa kilo 140 na kumwangusha kotabeki, mrushaji mkuu wa mpira, kabla hajauachia. Mwaka 2004 Kiwanuka alitajwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Angeweza kuingia drafti hapo hapo, lakini alirudi chuoni kumalizia mwaka wake wa mwisho. Mwaka huo goti lilimsumbua na minong'ono ikaanza. Hata hivyo aliondoka akiwa ameangusha makotabeki mara 37 na nusu, rekodi ya chuo. Nusu hiyo hupatikana pale walinzi wawili wanapomwangusha mtu mmoja.

Katika drafti ya 2006, New York Giants walikuwa na zamu ya 25. Pittsburgh Steelers, waliokuwa na zamu ya 32, walitaka kupanda ili wamchukue Santonio Holmes, mkimbiaji wa kupokea pasi. Giants walikubali kushuka, nao wakalipwa zamu mbili za nyongeza, ya 96 na ya 129. Biashara ya namna hii ina bei zake. Timu nyingi zimekuwa zikirejea jedwali lililotungwa Dallas mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za kocha Jimmy Johnson, ambamo zamu ya kwanza ina thamani ya pointi 3,000. Kwa jedwali hilo zamu ya 25 ni pointi 720. Ya 32 ni 590, ya 96 ni 116, ya 129 ni 43. Jumla ya tatu hizo ni 749. Giants walitoka na faida, na Kiwanuka bado alikuwepo zamu yao ilipofika. Holmes naye hakuwa hasara: miaka mitatu baadaye aliibuka mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi.

La kushangaza ni kwamba Giants hawakuwa na upungufu katika nafasi hiyo. Walikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora, wawili kati ya walinzi wakali wa zama zile. Kocha wao, Tom Coughlin, aliwahi kufundisha Boston College miaka ya nyuma, kwa hiyo chuo kile hakikuwa kigeni kwake. Walichotathmini ni zaidi ya umahiri wa kijana katika kazi moja. Waliuliza kama mwili ule na akili ile vingeweza kuhamishwa. Mwaka 2007 wakamrudisha nyuma, mstari wa pili, mahali ambapo mlinzi husoma mchezo badala ya kuinama na kuvamia. Akavunjika mguu Novemba mwaka huo, na timu ikatwaa Super Bowl bila yeye uwanjani. Ile ya Februari 2012 aliicheza. Alidumu na Giants hadi msimu wa 2014. Kwa zamu ya 32, hayo ni malipo mazuri, ingawa mashabiki wengi wa New York humkumbuka kwa sekunde mbili za mwaka wake wa kwanza.

Ilikuwa Nashville, Novemba 2006. Giants walikuwa mbele 21 kwa 14 na wapinzani wamebakiza jaribio la mwisho. Kiwanuka alimkumbatia Vince Young, kotabeki wa Tennessee, akamshika barabara. Kisha, akidhani mpira umeshatoka na akiogopa adhabu ya kumwangusha mtu aliyekwisha kurusha, akamwachia. Young alikuwa nao bado. Akakimbia, Tennessee wakasawazisha, wakashinda 24 kwa 21. Hakuna kipimo cha drafti kinachoweza kuonyesha tukio kama hilo mapema, na ni vigumu kusema kipimo cha aina gani kingeweza.

Vipimo vyenyewe ni vingi. Skauti wa kanda huanza safari Agosti, hutembelea vyuo, hukaa chumba cha giza akitazama mkanda wa mechi, mchezo mmoja mara tatu au nne: mara ya kwanza miguu, mara ya pili mikono, mara ya tatu macho yanaelekea wapi. Huzungumza na kocha, na mtu wa vifaa, na mwalimu wa mazoezi ya viungo, maana hao ndio wanaojua nani huchelewa. Januari kuna mechi za maonyesho kama Senior Bowl ya Mobile, Alabama, ambako mazoezi ya wiki nzima hutazamwa kwa makini kuliko mechi. Mwishoni mwa Februari zaidi ya vijana 300 huitwa Indianapolis. Huko hukimbia yadi 40, yaani mita 36.6, wakipimwa pia muda wa yadi kumi za mwanzo; huruka wima na mbele; hukata kona kuzunguka koni tatu; hulala kwenye benchi na kuinua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Jioni huitwa chumbani kuhojiwa na makocha, mara nyingine wakionyeshwa mkanda wa kosa lao wenyewe na kuambiwa walieleze.

Yadi 40 ndizo zinazopendwa na televisheni, na ndizo zilizopotosha wengi. Mwaka 2017 John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo. Cincinnati wakamchukua wa tisa. Wa kumi alikuwa Patrick Mahomes. Ross hakuwahi kuwa tishio la kudumu. Mahomes ameshinda Super Bowl tatu.

Televisheni haionyeshi sababu halisi ya kambi hiyo ya vipimo ya Indianapolis kuanzishwa. Ilianza mwaka 1982 huko Tampa, kwa sababu timu zilichoka kuwasafirisha vijana walewale kwa madaktari mbalimbali. Hadi leo sehemu yenye uzito ni ile ya hospitali. Kijana huvuliwa hadi kaptura, huketi kitandani, na madaktari wa timu kadhaa hupokezana kulivuta goti lilelile, kulizungusha bega lilelile, kisha anapelekwa kwenye mashine ya picha za sumaku. Kila timu hutoka na daraja lake. Daraja baya la daktari humshusha mtu raundi mbili hata kama mkanda wake hauna doa.

Mfano ulio wazi zaidi wa uzito huo, na wa mipaka yake, Waafrika Mashariki wanao, ila ni wa mpira wa kikapu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza kucheza akiwa na umri wa miaka 15, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na urefu wa sentimita 221, na mara mbili akawa mlinzi bora wa Big East. Februari 2009 alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kuliko yeye kwa sentimita kama 20. Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyorudi. Thabeet aliishia pointi 5. Miezi minne baadaye, kwenye drafti ya NBA, Memphis walimchukua Thabeet wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Blair alisubiri hadi zamu ya 37, kwa kuwa madaktari waligundua kwamba magoti yake yote mawili hayakuwa na kano za ndani zinazoyashikilia. Magoti hayo yalimchezesha misimu saba. Thabeet, ambaye mwili wake haukuwa na kasoro, alipelekwa ligi ya chini kabla msimu wa kwanza haujaisha, na katika misimu mitano alipata wastani wa pointi 2.2 kwa mechi.

Watanzania wengi walimlaumu, wengine wakalaumu makocha. Haki ni kuwalaumu waliomnunua. Walipima alichokuwa nacho, urefu, wakachukulia kuwa yaliyobaki yangekuja yenyewe. Mchezaji aliyeanza akiwa na miaka 15 ana nafasi ya kukua, kweli, lakini anahitaji muda, na zamu ya pili haina subira.

Hapo ndipo wodi za Mulago zinapoingia. Katika miaka ya 1950 hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1913, ilikuwa na kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto chini ya daktari Mwingereza R. F. A. Dean. Mwanasaikolojia Mfaransa Marcelle Geber alipima humo watoto wa Kampala, wengine wakiwa na umri wa saa chache tu, kwa vipimo vya Gesell vilivyotungwa Marekani: kichanga kinavutwa kwa mikono hadi kiketi, na mpimaji anatazama kama kichwa kinaanguka nyuma au kinasimama. Mwaka 1957 wawili hao walichapisha kwamba watoto wa Kampala walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya. Habari ikaenea duniani. Geber mwenyewe aliona kuwa tofauti hiyo ilififia baada ya mtoto kuachishwa ziwa, na mwaka 1972 Neil Warren, alipozipitia tafiti hizo, alihoji hata kama iliwahi kuthibitishwa vizuri tangu mwanzo. Kipimo cha mapema kilisema kweli juu ya siku ile kilipochukuliwa. Juu ya mwaka wa tatu hakikuwa na la kusema.

Skauti wa NFL hupambana na tatizo hilohilo, na Waafrika wanaotoka michezo mingine wamelifanya kuwa gumu zaidi, kwa kuwa hawana mkanda wa chuo. Mkenya Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts Julai 2013 akitoka kwenye raga, hajawahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Alikuwa na kila kitu cha kupimika. Alicheza mechi chache, hasa katika vikosi vya mipira ya mateke, na 2015 akaachwa. Kinyume chake ni Jordan Mailata wa Australia, aliyechukuliwa na Philadelphia wa 233 mwaka 2018, naye akitoka kwenye raga. Misimu miwili hakugusa uwanja katika mechi ya ligi. Alikuwa akifundishwa na kocha wa mstari, Jeff Stoutland. Baadaye akawa bingwa wa Super Bowl. Tofauti ya wawili hao haiwezi kusomwa kwenye mizani wala saa. Sehemu kubwa yake iko kwa nani aliwapokea na kwa muda gani aliwavumilia.

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walionyesha, katika utafiti uliochapishwa 2013, kuwa timu hulipia zamu za juu kupita thamani yake kwa sababu zinaamini mno uwezo wao wa kutambua. Kotabeki Tom Brady, aliyechukuliwa wa 199 mwaka 2000 na akaja kuwa bingwa, hutajwa kila mara katika hoja hii, mpaka amechosha.

NFL imeanza kutafuta Afrika yenyewe, Umenyiora, yule mlinzi wa Giants, akiwa mbele ya kazi hiyo. Kambi ya vipimo ilifanyika Ghana 2022 na Nairobi 2023. Ng'ambo ya bonde kutoka Mulago, kwenye kilima cha Makerere, timu ya raga ya chuo, Impis, hucheza katika uwanja unaoitwa Graveyard, na yeyote anayetaka kuona miili ya aina ya Adongo ataiona pale. Ila aliye mfano bora kwa Uganda huenda ni Ish Wainright, Mmarekani wa Kansas City. Alimaliza kikapu Chuo Kikuu cha Baylor 2017 bila kuchaguliwa na timu yoyote ya NBA, akabaki chuoni msimu mmoja kucheza futiboli, akajaribiwa na Buffalo Bills, wakampita. Akaenda Ulaya. Mwaka 2021 alivaa jezi ya Uganda katika AfroBasket mjini Kigali, timu ikafika robo fainali, na kabla mwaka haujaisha Phoenix Suns walikuwa wamempa mkataba.