Safu ya Lugha: Uyoga

Neno uyoga hubeba katika Kiswahili maana pana mno, kwa kuwa linataja kwa pamoja kitoweo kinachosifiwa na sumu inayoua, bila kiambishi wala kivumishi kinachovitenganisha. Upana huo una uzito wa pekee Mishamo, mkoani Katavi, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972, kwa sababu msitu wa miombo unaoyazunguka huchipua uyoga wa aina nyingi masika yanapoanza, na maarifa ya kuutambua yaliyorithiwa katika nchi moja hayatoshi katika nchi nyingine.

Wapo wanaoamini kwamba uyoga uliogugunwa na wadudu ni salama, au kwamba kuuchemsha huondoa sumu. Imani zote mbili ni za hatari. Sumu ya baadhi ya aina za *Amanita*, jenasi ambayo uyoga wake mara nyingi huwa na pete shinani na kifuko kwenye kitako, haiharibiwi na moto, na dalili zake huanza saa 6 hadi 24 baada ya mlo, ini likiwa tayari linadhurika. Hata hivyo, kifuko peke yake si hukumu, kwani miombo ina *Amanita* zinazoliwa pia.

Kwa hiyo jina "uyoga" lisichukuliwe kuwa jibu. Ni mwanzo wa swali: uyoga gani? Usiojulikana kwa yakini usiliwe.