Namna ya Kuchagua Vitabu juu ya Askari na Mapiloti wa Vita

Vijana wanaosoma wanapenda vitabu vya vita kupita vitabu vingine vingi. Jambo hili si la kushangaza. Katika vitabu vile mna hatari, mna urafiki wa watu wanaokula pamoja na kufa pamoja, mna ndege zinazofukuzana juu ya mawingu. Lakini vitabu vya namna hii ni vingi mno, wala si vyote vyenye thamani moja. Kimoja kimeandikwa na mtu aliyelala matopeni pamoja na wenzake. Kingine kimeandikwa na mtu aliyeketi mezani mbali na mizinga, akasikia habari, akatia chumvi. Kwa nje vinafanana. Basi, tutavitambuaje? Swali hili limekwisha kuulizwa zamani, tena na askari mwenyewe. Tutazame alivyojibu, kisha tuone kama jibu lake linafaa katika inchi yetu.

1. Askari aliyepima vitabu vya wenzake

Vita kuu iliyoanza mwaka 1914 ilipiganwa na watu wengi waliojua kusoma na kuandika. Katika jeshi la Wafaransa walikuwamo waalimu, mapadri, makarani, na wakulima waliopita shuleni. Wengi waliandika barua na daftari za kila siku, na vitabu vikaanza kutoka hata kabla vita haijaisha.

Mmoja wa askari hao aliitwa Jean Norton Cru. Alizaliwa mwaka 1879, na kabla ya vita alikuwa akifundisha Kifaransa katika Marekani. Alirudi kwao kupigana, akakaa zaidi ya miaka miwili katika mahandaki, yaani yale mashimo marefu waliyoishi askari mbele ya adui. Alikuwako Verdun pia, mwaka 1916. Huko mahandakini alisoma habari za vita zilizopigwa chapa, akaona uchungu moyoni, kwa maana yaliyoandikwa hayakuwa yale aliyoyaona kila siku.

Baada ya vita alikusanya vitabu 300 hivi vya askari Wafaransa, vyenye waandishi wapata 250. Akavisoma vyote, akavipima kimoja kimoja. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi. Mwaka 1929 alitoa kitabu chake, Témoins, maana yake Mashahidi, chenye kurasa zaidi ya 700.

Alipimaje? Hakuanza kwa kuuliza kama kitabu ni kitamu. Aliuliza kwanza: Mwandishi huyu alikuwa nani jeshini? Alikuwa katika rejimenti gani? Alikaa muda gani mbele ya adui, na mahali gani? Kisha akatwaa ramani na kalenda, akalinganisha. Mtu akisema kwamba siku fulani alipigana mahali fulani, na kumbe rejimenti yake siku ile ilikuwa mbali, ushuhuda wake umeanguka.

Tena aliangalia mambo ambayo askari wa kweli hawezi kuyasema: damu inayotiririka kama mto, maiti zilizopangwa kama kuni, watu wanaochomana siku nzima kwa visu vya bunduki. Yeye aliyekuwako alijua kwamba kisu cha bunduki kilitumika mara chache sana. Watu wengi waliumizwa na mizinga, wala hawakuona uso wa yule aliyewapiga.

Mtu anayesema hivi hakosi adui. Baadhi ya vitabu alivyovilaumu vilikuwa vimependwa sana. Le Feu cha Henri Barbusse kilipata zawadi ya Goncourt mwaka 1916. Les Croix de bois cha Roland Dorgelès, cha mwaka 1919, kilisomwa na watu wengi mno. Waandishi hao wawili walikuwa wamepigana kweli. Lakini Norton Cru aliwalaumu kwa kuwa walichanganya waliyoyaona na waliyoyatunga, hata msomaji asiweze kuyatenga. Wengine walimjibu kwa ukali, wakisema kwamba hadithi iliyotungwa inaweza vilevile kufundisha kweli. Sisi tunaona kwamba nao walikuwa na haki kwa sehemu yao. Hadithi si uwongo, kama inajitaja kuwa hadithi. Ubaya ni kuisoma kana kwamba ni ushuhuda.

2. Shahidi asiyejisifu

Aliyewekwa na Norton Cru mbele ya wote ni Maurice Genevoix. Vita ilipoanza alikuwa mwanafunzi wa miaka 23, akawa afisa mdogo wa askari wa miguu. Tarehe 25 Aprili 1915, mahali paitwapo Les Éparges, risasi tatu zilimpata, na mkono wake wa kushoto haukupona kabisa. Kitabu chake cha kwanza, Sous Verdun, kilitoka mwaka 1916, nacho kilikatwa sehemu nyingi na wakaguzi wa serikali. Vitabu vyake vitano vya vita vilikusanywa mwaka 1949 kuwa kitabu kimoja, Ceux de 14.

Ndani yake mna mvua, njaa, matope, na askari anayetafuta majani makavu apate kulala. Mna majina ya wenzake, na namna kila mmoja alivyosema kwa msemo wa kwao. Mwandishi hatoi habari za mlima ambao hakuupanda.

Tena mna jambo moja zito. Usiku mmoja wa Septemba 1914 alijikuta katikati ya Wadachi, watu wa Ujerumani, waliokuwa wakikimbia gizani na mvuani. Akawapiga risasi kwa karibu, kwa nyuma. Katika chapa moja aliiondoa habari hii. Halafu, mwaka 1949, akairudisha, kwa sababu hakutaka kuificha. Hapo ndipo tunapomtambua shahidi: anasema hata neno lisilompa sifa. Tarehe 11 Novemba 2020 Wafaransa walimwingiza katika Panthéon ya Paris, nyumba wanamoheshimiwa watu wakuu wa taifa lao.

3. Mapiloti na hesabu zao

Vitabu vya mapiloti vinataka uangalifu wa namna nyingine. Askari wa miguu anaona hatua chache mbele yake, lakini anaziona kwa siku nyingi. Piloti anaona inchi nzima chini yake, lakini vita yake huisha kwa dakika chache, pengine kwa nukta chache tu. Ndege ya adui inapita, anapiga, moshi unatoka, mawingu yanafunika. Je, imeanguka? Yeye anaamini kwamba imeanguka.

Tutoe mfano. Tarehe 15 Septemba 1940 mapiloti wa Uingereza walipigana na ndege za Wadachi juu ya London na kusini ya inchi. Kesho yake watu waliambiwa kwamba ndege 185 za adui zimeangushwa kwa siku ile moja. Baada ya vita, makaratasi ya Wadachi yalipochunguliwa, ilionekana kwamba zilikuwa kama 60. Mapiloti hawakusema uwongo. Mara nyingi ndege moja ilipigwa na watu wawili au watatu, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja akahesabu moja. Nyingine ilishuka yenye moshi, lakini ikafika kwao. Basi, kitabu cha piloti kikijaa hesabu za ushindi, tukisome polepole, hata kama mwandishi ni mtu mwaminifu.

Vitabu vyema vya mapiloti havitegemei hesabu. Richard Hillary, kijana aliyezaliwa Australia na kusoma Oxford, aliangushwa na kuungua uso na mikono Septemba 1940. Kitabu chake, The Last Enemy, kilitoka mwaka 1942. Kinaeleza ndege, ndiyo, lakini kinaeleza vilevile kitanda cha hospitali, na madaktari waliomtengenezea kope mpya, na namna majivuno yake yalivyovunjika. Alirudi kurusha ndege, akafa Januari 1943 katika mazoezi ya usiku.

Mwaka uleule wa 1942 Antoine de Saint-Exupéry alitoa Pilote de guerre. Anaeleza safari moja juu ya mji wa Arras, Mei 1940, Ufaransa ilipokuwa ikishindwa. Alitumwa kwenda kuchungua majeshi ya adui kutoka juu. Anasema kwamba kwa wiki tatu kikundi chake kilipoteza ndege 17 katika 23 pamoja na watu wake, na kwamba alijua wazi: habari atakazoleta hazitafika kwa mtu awezaye kuzitumia. Hakuna ushindi katika kitabu kile. Kuna mtu anayejiuliza kwa nini anatii. Mwenyewe alipotea tarehe 31 Julai 1944, alipotoka Corsica kwa ndege. Vipande vya ndege yake vilivyopatikana baharini karibu na Marseille vilitambuliwa mwaka 2004.

4. Na sisi wa Kongo?

Pengine msomaji atasema: Haya ni mambo ya Ulaya, yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa maana ndege za vita zilifika kwetu katika vita ileile ya kwanza. Mwaka 1916 Wabelgi walileta kwenye ziwa Tanganyika ndege nne za kutua majini, zilizotengenezwa Uingereza. Mmoja wa mapiloti wake alikuwa Aimé Behaeghe, aliyekufa Kongo mwaka uleule. Tarehe 10 Juni 1916 waliangusha mabomu bandarini Kigoma, ilipokuwa meli ya Wadachi iitwayo Graf von Götzen.

Je, meli ilipigwa? Vitabu vingine vinasema ndiyo, vingine vinasema hapana. Kinachojulikana wazi ni kwamba Wadachi wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai walipoacha Kigoma, na kwamba baadaye iliinuliwa, ikasafiri ziwani miaka mingi kwa jina la Liemba. Anayesoma kitabu kimoja tu ataamini neno la kwanza alilolikuta.

Sasa tuulize swali la Norton Cru: Mwandishi alikuwa wapi? Vitabu vya zamani juu ya vita ile, na juu ya kuingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, viliandikwa zaidi na Wazungu. Vinamtaja Jenerali Tombeur na maafisa wake. Askari weusi wa Force Publique hutajwa kwa jumla. Na wapagazi? Wanahistoria huhesabu wapagazi wapata 260.000 waliotumikishwa na jeshi la Kongo katika vita ile. Walibeba risasi, chakula na vipande vya mizinga. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na magonjwa. Hakuna hata mmoja wao tunayemjua aliyeacha kitabu.

Walakini sauti chache zilibaki, pengine mahali tusipopatazamia. Albert Kudjabo, Mkongomani, alijiandikisha katika jeshi la Ubelgiji mwaka 1914. Alitekwa Namur mwezi wa Agosti, kama Paul Panda Farnana, akakaa mfungwa Ujerumani mpaka vita ilipokwisha. Huko wataalamu wa lugha walinasa sauti yake katika mashini, na sauti ile inahifadhiwa Berlin. Hii nayo ni shahidi, ingawa haina jalada wala kurasa.

5. Maswali ya kuuliza

Basi, tunapochagua kitabu cha vita kwa biblioteke ya shule au kwa ndugu zetu vijana, tuulize maneno manne. Kwanza, mwandishi alikuwa wapi, na kwa muda gani? Pili, anatenga aliyoyaona na aliyoyasikia? Tatu, anasema pia yasiyompa sifa, kama vile hofu, makosa, na adui aliyekuwa mtu kama yeye? Nne, nani alikuwako na hasemi katika kitabu hiki? Kitabu kinachojibu vizuri matatu ya kwanza ni chema. Swali la nne linatutuma kutafuta kitabu kingine pembeni yake.

Maswali hayo si ya wasomaji peke yao. Tangu mwaka 1996 mashariki ya inchi yetu imepita katika vita nyingi, na mashahidi wake wako hai katika kila parokia na kila kijiji: askari, wachukuzi, akina mama waliokimbia na watoto mgongoni. Wale wapagazi wa Tabora walikufa bila mtu kuandika majina yao. Sisi tunazo kalamu na daftari. Anayejua kuandika akae na mzee wake au mama yake, aandike siku, mahali, na aliyoyaona kwa macho yake, wala asitie chumvi.