Maneno 1,667 kwa Siku, na CAT Kesho

Usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba, mwaka wangu wa pili chuoni, saa nane kamili, nilikuwa nimeandika maneno 26,410. Ratiba ilitaka niwe nimepita 30,000. Saa mbili asubuhi tulikuwa na CAT ya takwimu, na daftari langu la takwimu lilikuwa chini ya kitanda, likishikilia mguu mmoja uliokuwa mfupi kuliko mingine.

Mwenzangu wa chumba aligeuka, akafunika macho kwa mkono kwa sababu ya mwanga wa laptopu, akasema, "Maze, CAT ni asubuhi na wewe unahangaikia watu hawako?"

Mtu ambaye hakuwako alikuwa Nekesa, fundi wa redio mjini Kitale, anayefungua kibanda chake asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, siku wanajeshi wa anga walipoteka kituo cha Sauti ya Kenya. Watu wanamletea redio wakidhani zimeharibika, kumbe ni nchi. Nilikuwa nimemwacha na bisibisi mkononi kwa siku tatu na sikujua la kumfanya. Nilimjibu mwenzangu, "Lala tu, bado kidogo." Sikulala. Ile CAT nilipata saba kwa thelathini.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nishaachana na chuo, ndipo nilipoketi kusoma historia ya lile shindano lililonikesha. Nilitaka kujua ni nani alichagua Novemba.

Shindano lenyewe liliitwa NaNoWriMo, kifupi cha jina refu la Kiingereza lenye maana ya mwezi wa kitaifa wa kuandika riwaya. Taifa linalotajwa hapo ni Marekani. Lilianza Julai 1999, eneo la San Francisco, pale kijana mmoja aitwaye Chris Baty alipokusanya marafiki zake, wakafika watu 21. Hapakuwa na zawadi, hapakuwa na mhariri. Sharti lilikuwa moja: maneno 50,000 ndani ya mwezi. Idadi hiyo Baty aliipata kwa kuchukua riwaya fupi aliyokuwa nayo kwenye rafu, Brave New World ya Aldous Huxley, na kukadiria maneno yake. Yaani namba iliyoninyima usingizi ilitoka kwenye rafu ya mtu.

Mwaka wa 2000 wakahamisha shindano hadi Novemba. Sababu waliyoitoa ni hali mbaya ya hewa: kwao mwezi huo huwa na baridi na mawingu, kwa hivyo afadhali mtu ajifungie ndani aandike. Hata kwetu Novemba kuna mvua za vuli, basi kwa upande wa hewa jamaa walipatia. Kwa upande wa kalenda ya chuo, wapi. Novemba kwa wanafunzi wengi wa Kenya ni mwezi wa CAT, wa kazi za vikundi ambazo mtu mmoja hufanya na watano hutia majina, wa kupanga foleni ukiulizia kwa nini jina lako halimo kwenye orodha ya mtihani. Sidhani Baty na wenzake walikuwa na nia mbaya. Walikuwa watu wazima wenye jioni zao, wakapanga mchezo unaofaa jioni zao.

Mchezo ukakua. Wale 21 wa mwaka wa kwanza wakawa 140 mwaka wa pili. Mwaka 2001 walitarajia watu kama 150, wakaja 5,000. Kufikia 2010 waliojiandikisha walizidi laki mbili, kutoka kila bara. Baadhi ya vitabu vilivyoanzia humo vikauzwa sana, kama Water for Elephants cha Sara Gruen na The Night Circus cha Erin Morgenstern. Vitabu hivyo ndivyo vilivyonivuta. Sikujiuliza viliandikwa upya mara ngapi baada ya Novemba.

Kuna jambo lingine ambalo sikulihesabu. Mimi nilikuwa naandika kwa Kiswahili. Chukua neno "hatutakusahau". Kwetu ni neno moja, na kompyuta italihesabu moja. Mwingereza akitaka kusema jambo hilohilo anahitaji maneno matano. Si kila neno liko hivyo, na sisi pia tuna "kwa ajili ya" na "kwa sababu ya" zetu, lakini ukijumlisha ukurasa mzima, riwaya ya maneno 50,000 kwa Kiswahili ni ndefu kuliko ya maneno 50,000 kwa Kiingereza. Nilikuwa nakimbia mbio za watu wengine kwa mita zilizopimwa na mguu wao, halafu najilaumu kwa nini nabaki nyuma.

Lakini riwaya ya mwezi mmoja haikuanza na Wamarekani. Mwaka 1866, katika mji wa Saint Petersburg, Fyodor Dostoevsky alikuwa na deni na mkataba mbaya. Mchapishaji wake, Stellovsky, alikuwa amemfunga kwa sharti kwamba asipotoa riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, huyo bwana atachapisha kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ikafika na Dostoevsky hajaandika kitu, maana alikuwa amebanwa na riwaya nyingine iliyokuwa ikitoka kwa sehemu kwenye jarida, ile Crime and Punishment. Akashauriwa atafute mtu wa hati mkato. Mwalimu wa hati mkato akamtumia mwanafunzi wake bora, Anna Snitkina, msichana wa miaka 20. Mwandishi akatamka, mwanafunzi akaandika, na usiku Anna akarudi kwao kunakili yote kwa hati ya kawaida. Kwa siku 26 riwaya ikaisha, ile inayojulikana kwa Kiingereza kama The Gambler. Miezi michache baadaye wakaoana.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kama ushujaa wa Dostoevsky. Mimi namwangalia yule mwanafunzi. Bila usiku wa Anna, zile siku 26 hazipo. Riwaya ya haraka huwa na mtu mwingine nyuma yake anayelipa kwa muda wake. Katika kisa changu, huyo alikuwa mwenzangu wa chumba, aliyekuwa akiniandikia jina kwenye karatasi ya mahudhurio na kunipigia picha za noti za mhadhara, huku akinung'unika kila siku, na kila siku akizituma.

Karibu na nyumbani kuna kisa kinachonigusa zaidi. Mwaka 1959 kijana wa Limuru alifika chuo cha Makerere, Kampala. Wakati huo aliitwa James Ngugi. Sisi tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Makerere ya siku hizo ilihusishwa na Chuo Kikuu cha London, na Idara ya Kiingereza ilikuwa na jarida dogo la wanafunzi, Penpoint. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia jinsi alivyomkuta Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia, akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi, je, angependa kuiona? Hapakuwa na hadithi. Ilimbidi aende akaiandike ili uongo wake usimuumbue. Kila mtu aliyewahi kumwambia mhariri "nakutumia jioni" anaielewa hali hiyo.

Halafu East African Literature Bureau ikatangaza shindano la kuandika riwaya. Ngũgĩ, bado mwanafunzi, akaketi kuandika mwaka 1961 mswada alioupa jina la The Black Messiah. Huo ndio uliokuja kuwa The River Between. Bado akiwa chuoni akaandika wa pili, Weep Not, Child. Akaandika pia tamthilia, The Black Hermit, iliyochezwa Kampala Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru wa Uganda. Katikati ya hayo akawa anaandikia magazeti ya Nairobi, akaoa, na akafanya mitihani. Juni 1962 kulikuwa na mkutano wa waandishi wa Afrika hapo Makerere, na mwanafunzi huyo akapata nafasi ya kumwonyesha Chinua Achebe mswada wake. Weep Not, Child ikachapishwa na Heinemann mwaka 1964, The River Between mwaka 1965.

Niliposoma haya mara ya kwanza nilijisikia mvivu. Mwenzetu riwaya mbili na digrii, mimi nusu riwaya na saba kwa thelathini. Lakini ukisoma polepole unaona kilichokuwa chini yake. Alikuwa na kitanda katika bweni na chakula mezani. Alikuwa na jarida hatua chache kutoka darasani, na mtu wa kumdanganya kwamba ameandika hadithi. Alikuwa na shindano ambalo lilianzishwa kwa ajili ya waandishi wa Afrika Mashariki, mtu akijua kwamba wapo. Kipaji kilikuwa chake, ndiyo, na bidii pia. Meza ilikuwa imeandaliwa.

Kuna sehemu ya pili ya kisa hicho ambayo walimu wetu hawakuitaja sana. Mwaka 1964 Ngũgĩ alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kufanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu fasihi ya Karibiani. Huko aliandika A Grain of Wheat, iliyochapishwa 1967. Ile tasnifu hakuimaliza. Ratiba mbili zilipogongana, moja ilianguka, na leo hakuna anayeuliza alama zake za Leeds.

Nilikitumia kisa hicho vibaya kwa muda. Kila jamaa aliponiuliza kwa nini niliacha chuo, nilimtajia Leeds, kana kwamba mimi na Ngũgĩ tulikaa dawati moja. Mamangu alinisikia siku moja nikimwambia mjomba hivyo. Akangoja mjomba aende, akaniuliza, "Na yeye mamake aliuza ng'ombe ili akafeli takwimu?"

Basi niseme vile ilivyokuwa. Kwa wageni huwa nasema karo ndiyo iliyonitoa. Ni kweli, lakini si yote. Ile saba kwa thelathini ilinifanya nirudie somo. Kurudia somo kulikuwa na ada yake, na ada hiyo ikaja muhula uleule ambao biashara ya nyumbani iliyumba. Deni likawa kubwa kuliko tulivyoweza kulipunguza, jina langu likakosekana kwenye orodha ya mtihani, nikabeba godoro langu kwenye matatu. Riwaya haikunifukuza chuo. Iliongeza jiwe moja kwenye mzigo uliokuwa tayari mzito, na jiwe hilo niliokota mwenyewe, saa nane za usiku, nikiwa na furaha. Hilo la furaha siwezi kulikana. Sijawahi kuwa macho kama nilivyokuwa macho Novemba ile. Nilifunga mwezi na maneno 38,902, pungufu kwa zaidi ya elfu kumi na moja.

Tarehe 31 Machi 2025, shirika lililosimamia NaNoWriMo lilitangaza kwamba linafungwa. Walitaja matatizo ya fedha ya miaka kadhaa, na kabla ya hapo kulikuwa na malalamiko kuhusu usalama wa vijana, kisha hasira ya waandishi mwaka 2024 shirika lilipokataa kulaani matumizi ya akili bandia. Karibu miezi miwili baadaye, tarehe 28 Mei, Ngũgĩ akafariki Marekani, akiwa na miaka 87. Matukio hayo mawili hayana uhusiano wowote, lakini kwangu yalikuja pamoja. Nilitoa laptopu ya zamani nikafungua faili la Nekesa.

Nimelimaliza. Limenichukua miaka minne badala ya siku thelathini, mengi nikiandika asubuhi kabla ya kazi za wateja, na liko maneno 44,000 na kitu. Kwa hesabu ya San Francisco bado nimeshindwa. Ukiniuliza ushauri, wewe uliye chuoni na una riwaya kichwani, sitakuambia uiache. Nitakuambia uangalie kalenda yako, si ya Baty. Likizo ndefu ina wiki nyingi kuliko Novemba. Maneno 300 ya Kiswahili kwa siku ni kazi halali. Na CAT fanya, kwa sababu kuirudia kuna bei, na mara nyingi anayeilipa hayuko chumbani na wewe.

Mwenzangu wa chumba alihitimu, sasa yuko kwenye kazi ya hesabu huko Eldoret. Nilimpigia simu kumwambia. Sikutegemea akumbuke.

"Nekesa alifungua kibanda?" akauliza.

Nikamwambia alifungua. Akanyamaza kidogo, halafu akasema nimtumie, atasoma wikendi, na nisisahau kwamba nina deni lake la bando la Novemba nzima.