Kutoka Kitanzi cha Talton hadi Leseni ya Kasino

Mwaka 1892 Bob Talton, Mcherokee, alishtakiwa kwa kumuua Mcherokee mwenzake katika ardhi ya taifa lao, ambayo leo iko jimbo la Oklahoma. Mahakama ya kabila ikamhukumu kunyongwa. Talton akakimbilia mahakama za Marekani akilalamika kwamba jopo lililompeleka kizimbani lilikuwa la watu watano tu, tofauti na Katiba ya Marekani inavyotaka. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Mamlaka ya Wacherokee, majaji walisema, yalikuwepo kabla ya Katiba hiyo, basi haiwezi kuyabana.

Mgawa karata anayesimamishiwa leseni leo katika kasino ya kabila huenda hajawahi kulisikia jina la Talton. Shauri lake, hata hivyo, linaanzia kwenye kitanzi kile.

Bunge la Marekani lilijaribu kuziba pengo mwaka 1968. Lilitunga sheria inayoyakataza makabila kumnyang'anya mtu uhuru au mali yake bila kufuata taratibu za haki. Furaha haikudumu. Julia Martinez, mwanamke wa Santa Clara Pueblo huko New Mexico, alifungua kesi kwa sababu wanawe walinyimwa uanachama wa kabila, baba yao akiwa Mnavajo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilisema mlalamikaji wa namna hiyo aende kwenye vyombo vya kabila lenyewe. Mahakama za shirikisho zimfungulie mlango aliye kizuizini tu. Haki ikabaki kitabuni, ufunguo ukabaki kwa kabila.

Mwaka uliofuata, Waseminole wa Florida walifungua ukumbi wa bingo wenye zawadi kubwa kuliko sheria ya jimbo ilivyoruhusu. Mkuu wa polisi wa kaunti akatishia kukamata watu, kabila likaenda mahakamani na kushinda. Kabila la Cabazon la California lilishinda kesi ya kamari nzito zaidi mwaka 1987, na Oktoba 1988 Rais Reagan akasaini sheria ya kamari katika ardhi za makabila. Kukawa na tume ya taifa, na kwa wafanyakazi, leseni. Msimamizi wa chumba cha kuhesabia fedha, mkuu wa ulinzi, mgawa karata, hata yule anayeita namba za bingo: wote huchunguzwa historia zao kabla ya kabila kuwapa leseni.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Tume ikiliarifu kabila kwamba mtu fulani hastahili, kabila humsimamisha mara moja, humwandikia barua ya kusudio la kumfutia leseni na kumtajia siku na mahali pa kusikilizwa. Adhabu hutangulia, utetezi hufuata.

Je, ni halali? Jibu la karibu lilitoka kwenye mbio za farasi. Mwaka 1976 huko Monticello, New York, farasi aliyemaliza wa pili alikutwa na dawa mwilini, na mkufunzi wake, John Barchi, akafungiwa siku 15. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1979 kwamba jimbo laweza kumsimamisha mtu kwanza likiwa na sababu za kutosha, ila limsikilize upesi. La sivyo anamaliza adhabu kabla hajafungua kinywa. Hukumu hiyo haiyafungi makabila, lakini ni vigumu kuikwepa hoja yake mbele ya mtu ambaye mshahara umekatika.

Baadhi ya makabila yamejenga vyombo vyao. Wamohegan wa Connecticut wana mahakama maalumu ya migogoro ya kamari, iliyoanzishwa kwa mujibu wa katiba yao. Kwingineko shauri huishia mezani kwa tume ya kabila, ile ile iliyotoa barua.

Na kanuni za taifa zina kipengele kimoja kifupi: haki ya kusikilizwa huanza pale mtu anapokabidhiwa leseni, au mapema zaidi ikiwa sheria za kabila zimeamua hivyo. Kabila lisipoamua hivyo, aliyekataliwa akiwa bado mwombaji haipati humo.