Somo la Historia: Wosia wa Mwana Kupona

Kalamu ziwekeni chini kwanza. Leo tuanze kwa kusikiliza.

Mashairi ya kuwalilia wazazi ni mengi katika lugha yetu, na mara nyingi mtungaji ni mtoto, baada ya maziko. Utenzi wa leo ni kinyume. Aliyetunga ni mama, naye alitunga kabla hajafa, kwa ajili ya mtoto atakayebaki.

Jina lake ni Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika pwani ya Kenya. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa mji wa Siyu, naye alipigana na Sultani wa Unguja. Alikufa mwaka 1856. Ilipofika mwaka 1858 Mwana Kupona naye alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Binti yake, Mwana Hashima, alikuwa amekwisha fiwa na baba. Sasa alimwona mama naye anakwenda. Hebu ifikirini nyumba ile.

Mama alimwita binti yake akae karibu, aje na wino na karatasi. Siku hizo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ninyi mnaojifunza kuandika mtaelewa: mgonjwa hakuagiza dawa wala uji, aliagiza wino.

Kwa nini hakusema tu kwa maneno ya kawaida? Kwa sababu utenzi haupotei upesi. Kila mstari una mizani 8. Hesabuni kwa vidole: Ma-ma-a-me-kwe-nda-sha-mba. Hilo si shairi, ni habari tu, lakini mizani imetimia. Mistari mitatu ya kwanza ya ubeti huishia kwa sauti moja. Wa nne una kina chake, nacho hurudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma aliweza kuuhifadhi kwa kuusikia.

Beti zake ni 102. Mwishoni alitaja hesabu hiyo, na mwaka wa Hijra, 1275. Lugha ni Kiamu, ambacho husema “moya” pale tusemapo “moja”, basi msiogope mkikutana nacho.

Ndani yake anamwahidi binti hirizi, na kidani cha lulu na marijani. Vitu hivyo ni maneno yake mwenyewe. Anamfundisha adabu mbele za watu, na namna ya kuishi na mume. Mafundisho hayo ya mume yana ubishi mkubwa siku hizi. Darasa lenu liyajadili, mabibi waanze. Kisha anawaombea wanawe na jamaa zake kwa Mungu, na anajiombea afya.

Mimi niliusoma shuleni nikadhani ni kitabu cha ndoa tu. Niliusoma tena baada ya kumzika mama yangu, na safari hii sikuweza kupita upesi pale penye wino na karatasi.

Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye. Mwaka 1934 utenzi wake ulitolewa kitabuni na Alice Werner na William Hichens, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni mistari mitatu mnayotaka watoto wenu waikute. Mizani isiwasumbue leo. Mwalimu wenu asisahihishe tahajia mpaka kila mtu amemaliza.